Frederick Matthias Alexander

Frederick Matthias Alexander (20 Januari 1869 – 10 Oktoba 1955) alikuwa mghani wa mashairi na mwalimu kutoka Australia. Anajulikana kwa kuanzisha Mbinu ya Alexander, njia ya kurekebisha mkao wa mwili inayotumiwa hasa na wanamuziki, waigizaji na watu wenye maumivu ya mgongo.

Maisha

Alizaliwa karibu na Wynyard, kisiwani Tasmania, akiwa mtoto dhaifu mwenye shida ya kupumua. Alipokuwa kijana alihamia Melbourne, akaanza kughani kazi za Shakespeare jukwaani. Huko sauti yake ikawa inakauka. Daktari alimshauri aipumzishe. Alifanya hivyo, lakini ikamtoka tena katikati ya onyesho. Kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida hakupata taabu, alihisi kwamba kosa limo katika namna anavyoghani.

Alijichunguza kwa vioo kwa muda mrefu. Aliona kwamba kila alipoanza kughani alivuta kichwa nyuma na chini, akabana koo na kuvuta hewa kwa kishindo mdomoni. Kuacha kulikuwa kugumu zaidi: hata alipodhani amelegeza shingo, kioo kilimwonyesha anafanya yaleyale. Hapo alitambua kwamba hisia za mwili uliozoea vibaya hudanganya, hivyo mtu hana budi kusita kwanza kabla ya kutenda.

Mwaka 1904 alihamia London. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa John Dewey, Aldous Huxley na George Bernard Shaw. Tangu 1931 aliandaa walimu wengine.

Mbinu

Ingawa mara nyingi huhesabiwa pamoja na mazoezi ya viungo, Alexander hakuyapenda mazoezi ya kurudiarudia, kwa sababu mwenye mkao mbaya huyafanya kwa mkao uleule. Mwalimu humwongoza mwanafunzi kwa mikono, shingoni na mgongoni, anapokaa kitini au kuinuka.

Kesi

Mwaka 1944 jarida la serikali ya Afrika Kusini liliita kazi yake utapeli. Alexander alishtaki. Alipatwa na kiharusi mwishoni mwa 1947, lakini mwaka uliofuata mahakama ya Johannesburg ilimpa ushindi na fidia ya pauni 1,000.

Ushahidi wa kitabibu ulichelewa. Katika utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 579 wa mgongo, uliochapishwa 2008, waliopata masomo 24 walikuwa na siku chache zaidi za maumivu baada ya mwaka mmoja.