Emin Pasha aliuawa, karatasi zake zikabaki

Wandugu wachimbaji, na nyinyi mama zetu, leo tunaeleza maisha ya Emin Pasha. Miaka ya 1880 meli zake mbili, Khedive na Nyanza, zilikuwa zinapita hapa mbele ya Mahagi, kati ya Wadelai na Mswa.

Emin haikuwa jina lake la kuzaliwa. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 Oppeln, wakati ule kwa Wajerumani, leo ni Poland. Familia ya Wayahudi ilimuita Isaak Eduard Schnitzer. Baba akafariki mapema, mama akaolewa na Mukristo, mutoto akabatizwa na majina mengine. Alisoma udaktari, akaenda kutumika kwa Waturuki. Mukubwa wake alipokufa mwaka 1873, akaleta mujane na watoto wa yule marehemu nyumbani kwa mama yake, sawa vile ni familia yake. Mwaka 1875 akawaacha pale bila kuaga. Alipotokea Khartoum, jina lilikuwa Mehemet Emin.

Gordon akamupa kazi ya uganga, na mwaka 1878 akamupa kutawala jimbo la Equatoria. Vita ya Mahdi ikamufungia njia. Yeye aliendelea kuandika: safari, ndege, hali ya hewa. Binti yake Ferida alizaliwa kwa mwanamuke wa Abisinia, mwenye alikufa mapema.

Tarehe 29 Aprili 1888 Stanley akamukuta kando ya ziwa letu. Kisha askari wake mwenyewe wakaasi, wakamufunga Dufile. Mwisho wa 1889 alifika Bagamoyo. Kwenye karamu akaanguka dirishani, kichwa kikaumia. Alipopona, Wajerumani wakamurudisha bara. Mwaka 1891 alikuwa tena huku Ituri. Ndui ikapiga watu wake. Mwenzake Stuhlmann akarudi na wazima, Emin akabaki na wagonjwa. Oktoba 1892 watu wa Kibonge wakamuua.

Ferida alilelewa Ujerumani na shangazi yake. Daftari za baba ziliokotwa, na Stuhlmann akaanza kuzichapa mwaka 1916. Mutu mwenye alibadilisha majina na inchi, hata leo unaweza kufuata nyayo zake karibu siku kwa siku. Lakini wabeba mizigo wake, na wale wagonjwa, majina yao tutayasoma wapi?

Swali hili linatugusa. Zahabu ya Kilo ilionekana mwaka 1903. Tangu pale babu zetu walichimba, na wengi walibaki paka namba. Kwenye sindika tunapokea wajane wenye kubeba picha ya bwana tu, bila buletini ya malipo hata moja. Na tena, Emin alibadilisha jina kwa kutaka. Sisi karani anatubadilishia kwa kukosea. Herufi moja tu, na mutoto anaambiwa huyu si baba yako.

Basi, wandugu, kitabu cha kazi, buletini za malipo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, tuviweke pamoja ndani ya plastiki, mbali na mvua na panya. Kopi ikae kwa ndugu mwingine. Tuangalie jina liandikwe namna moja pote. Na jioni, muzee akiwa bado na nguvu, mutoto achukue kalamu: babu aliitwa nani, alitoka kijiji gani, alianza kazi mwaka gani, kwenye shimo gani.

Kesho mutoto huyo atakuwa na mahali pa kuanzia.