James Clerk Maxwell: Aliyeona ugumu ndani ya kimiminika

Ukitaja jina la James Clerk Maxwell, wengi hukumbuka umeme na sumaku. Lakini mwanasayansi huyu wa Scotland aliacha wazo jingine ambalo maabara bado zinalitumia: kwamba kitu kinachotiririka kinaweza kuwa kigumu, ila kwa kitambo kidogo tu.

Alizaliwa Edinburgh Juni 13, 1831. Akiwa na miaka 8, mama yake alifariki kwa saratani ya tumbo. Shuleni wenzake walimcheka na kumwita mjinga. Akiwa na miaka 14 tu, andiko lake la hesabu lilisomwa mbele ya wasomi wa jiji hilo.

Mwaka 1856 alipata uprofesa Aberdeen, na miaka miwili baadaye akamuoa Katherine Dewar, binti wa mkuu wa chuo chake. Hata ukwe huo haukumsaidia. Mwaka 1860 vyuo viwili vya mji huo viliunganishwa, Maxwell akakosa kazi. Mwaka huohuo akaugua ndui, na Katherine ndiye aliyemuuguza.

Alipopona, wawili hao wakahamia London. Huko, kwenye chumba cha juu cha nyumba yao, walipima mnato wa hewa, yaani jinsi hewa inavyozuia vitu kupita. Maxwell alitazama visahani vya kioo vilivyoning'inizwa kwa waya vikizunguka huku na huko, naye Katherine alichochea moto ili joto la chumba lisibadilike.

Vipimo hivyo vilimfikisha kwenye andiko la mwaka 1867. Hoja yake ni hii: ukisukuma kimiminika kwa upande, kwanza kinagoma kama mpira, halafu ule mkazo unayeyuka wenyewe. Muda unaochukua kuyeyuka, ukizidisha kwa ugumu wake wa mwanzo, ndio mnato.

Hebu fikiria lami. Ipige nyundo, inapasuka. Iache ikae, inatambaa taratibu. Ni lami ileile, tofauti ni muda uliotumia kuisukuma.

Kwa hewa, Maxwell alikokotoa muda huo kuwa kama sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni 5. Ni mfupi mno, ndiyo maana hatuuhisi. Pia alitafuta dalili za mkazo huo kwa kupitisha mwanga kwenye utomvu mzito uliokuwa ukikorogwa, na akaziona.

Hakuishi kuona wazo hilo likikua. Alifariki Cambridge Novemba 5, 1879, akiwa na miaka 48, kwa saratani ya tumbo kama mama yake.

Karne iliyofuata, Mrusi Yakov Frenkel aliliendeleza kwa kueleza jinsi molekuli za kimiminika zinavyokaa kidogo mahali pamoja kabla ya kuruka.

Mwaka 2002, watafiti nchini India walionyesha mawimbi ya kuyumba upande, yale yanayohitaji ugumu, yakipita kwenye plazma yenye chembe za vumbi zilizobeba chaji. Chembe hizo husukumana kwa nguvu kiasi kwamba wingu zima, ingawa linatiririka, linajikaza kama kitu kigumu.

Kwa hiyo, hesabu iliyoanzia kwenye chumba kile chenye moto wa Katherine bado inafanya kazi.