Sidi Mubarak Bombay: Mwongoza misafara aliyewezesha kuchorwa kwa ramani za maziwa makuu

Kabla ya reli kufika Tabora na Urambo, taarifa za mito, milima na maziwa ya magharibi mwa Tanzania zilikusanywa kwa miguu. Miongoni mwa walioifanya kazi hiyo ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyezaliwa karibu mwaka 1820.

Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa Kilwa na kupelekwa India utumwani. Bwana wake alipofariki aliachwa huru, akarejea Zanzibar na kuwa askari wa Sultani. Kihindustani alichojifunza utumwani ndicho kilichomwezesha, mwaka 1857, kuwasiliana na Waingereza Richard Burton na John Speke na kuajiriwa nao.

Msafara huo uliwasili Kazeh, jirani na Tabora ya leo, Novemba 1857, na kufika Ujiji Februari 1858. Wapimaji walitumia dira na nyota kujua mahali walipo, na walichemsha maji na kupima joto lake ili kukadiria mwinuko. Hata hivyo, vifaa hivyo havikuweza kueleza mto usiofikika unatiririka kuelekea wapi. Hilo lilitegemea wenyeji na mkalimani. Kuhusu Mto Rusizi, wenyeji walieleza kuwa unaingia Ziwa Tanganyika wala hautoki humo. Kauli hiyo, iliyothibitishwa mwaka 1871, ilidhoofisha dhana kwamba ziwa hilo ni chanzo cha Nile.

Burton alipougua Kazeh, Bombay aliandamana na Speke hadi Ziwa Victoria, Agosti 1858. Mwaka 1862 walishuhudia Nile ikitoka katika ziwa hilo, kisha wakaelekea Misri.

Mwaka 1871 Bombay alikuwa na Henry Stanley Tabora wakati vita vya Mtemi Mirambo wa Urambo vilipofunga njia ya Ujiji, na msafara ukalazimika kuzunguka kusini. Kati ya 1873 na 1875 alivuka bara hadi Atlantiki pamoja na Verney Lovett Cameron, ambaye mwaka 1874 alibaini kuwa Mto Lukuga ndio unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika.

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza ilimtunuku medali ya fedha, na mwaka 1876 ikampatia pensheni ya maisha. Alifariki dunia Oktoba 1885. Ramani zilizotokana na safari hizo zilichapishwa kwa majina ya waliomwajiri, ingawa maelezo mengi yaliyomo yalipitia kinywani mwake.