H. G. WELLS NA JESHI LA SAKAFUNI

Muhula uliopita sisi wanachama wa Kiswahili tulinunua Tabaka seti nzima ya sataranji, au chesi kama tulivyozoea kuiita. Vipande 32 vya mawe ya sabuni, bado havijatiwa rangi. Tulivisugua kwa msasa ndani ya maji, tukavianika, kisha tukashika brashi: upande mmoja mwekundu, wa pili buluu. Jamani, ilikuwa kazi! Rangi ikiwa nzito inaficha uso aliouchonga fundi, ikiwa nyepesi inachuruzika hadi miguuni. Jeshi letu la kwanza lilipokamilika, mwalimu akatuuliza kama tunamjua mzee aliyetunga kanuni za vita vya askari wadogo kama hawa. Kimya! Basi huyu hapa.

Herbert George Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 mjini Bromley, Uingereza. Babake alikuwa na kaduka ka vyombo kasicholeta faida, na mamake alikuwa mtumishi katika nyumba za wakubwa. Wells akiwa mtoto alivunjika mguu. Kulala kitandani kukamfanya mpenzi wa vitabu. Kumbe baya halikosi jema lake!

Shida zilipozidi nyumbani, alitolewa shule akapelekwa kujifunza kazi katika duka la nguo. Aliichukia kazi hiyo kama nini! Mwaka 1883 aliiacha akawa mwalimu msaidizi huko Midhurst, na mwaka 1884 akapata ufadhili wa kusomea sayansi London, ambako alifundishwa na mtaalamu mashuhuri Thomas Huxley. Ninyi mnaorudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, msikate tamaa.

Baadaye aligeukia uandishi. Hadithi yake ya The Time Machine ilitoka mwaka 1895, na The War of the Worlds mwaka 1898. Jina likavuma, mfuko nao ukajaa.

Wells alipata wana wawili kwa mkewe Amy Catherine, mmoja mwaka 1901 na mwingine mwaka 1903. Utamwona mzee mzima kapiga magoti sakafuni! Mwaka 1911 aliandika Floor Games, na mwaka 1913 Little Wars, kitabu cha kanuni za vita vya kuchezea. Askari wake walikuwa wa madini ya risasi, wenye uwazi ndani, waliopakwa rangi kwa mkono katika kiwanda cha Britains. Nyumba zilikuwa vipande vya mbao. Kila upande ulicheza kwa zamu: askari wa miguu alisogea futi 1, wa farasi futi 2. Mzinga mdogo wa springi ulirusha kijiti, na askari aliyeangushwa alihesabiwa amekufa.

Lakini Wells alikuwa na lalamiko moja. Madukani askari walijaa tele, ila raia wa kawaida hawakupatikana. Tena mwishoni mwa Little Wars alieleza kwamba vita vya kweli ni upumbavu mkubwa, afadhali vibaki sakafuni.

Haukupita muda, mwaka 1914 Vita Kuu vikazuka. Wells mwenyewe aliviunga mkono, akiamini vitakuwa vya mwisho duniani. Lo! Hapo alikosea vibaya. Moto huo ulifika hata kwetu. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani waliingia mji wa Kisii, na tarehe 12 wakapigana na jeshi la Waingereza. Wajerumani wakarudi walikotoka. Katika vurugu hiyo wenyeji walipora maduka, na serikali ya kikoloni ikawaadhibu kwa kuwachoma nyumba na kuwanyang'anya ng'ombe. Halafu vijana wengi wa Abagusii wakachukuliwa kubebea majeshi mizigo. Si wote waliorudi. Wapiganapo tembo nyasi huumia.

Wells aliishi akaona Vita vya Pili pia. Mwaka 1940 aliandika kitabu kuhusu haki za binadamu, akitaka kila mtu duniani alindwe na sheria. Alifariki London tarehe 13 Agosti 1946.

Baada ya kuyasikia hayo tulilitazama tena jeshi letu. Wafalme wapo, farasi wapo, minara ipo. Raia je? Hakuna hata mmoja! Basi tulichukua kipande cha jiwe kilichobaki, tukamchonga mama wa soko la Keroka na kikapu chake cha ndizi, tukampaka kijani. Hakuchongeka vizuri sana, lakini amesimama katikati ya ubao. Anayetaka kucheza nasi sharti kwanza atuambie mama huyo atapita wapi salama.