Kenyatta alivyosota London akila kwa lugha ya mama

Ukitaja Mzee Jomo Kenyatta, wengi wetu tunaona usinga mkononi, kofia ya shanga na ile sauti nzito ya redioni. Hatumwoni akiwa mwanafunzi wa lugha jijini London, mtu mzima wa takriban miaka 40, anayedaiwa kodi ya chumba. Lakini kabla ya Ikulu kulikuwa na hicho chumba, mtaa wa Cambridge Street, Pimlico. Kama unawaza kwenda ng'ambo kusoma huku unafanya kazi, basi maisha yake ya pale yanakuhusu.

Kwanza, hakwenda Uingereza kusoma. Alizaliwa Kiambu miaka ya 1890 akiitwa Kamau wa Ngengi, akasoma kwa wamishonari wa Kiskoti kule Thogoto, akabatizwa Johnstone. Baadaye alipata kazi idara ya maji ya Nairobi, akawa anatunza stoo na kusoma mita. Kwa Mwafrika wa enzi hizo, hiyo ilikuwa kazi ya maana. Aliiacha akawa katibu wa chama cha Kikuyu Central Association, kilichokuwa kikidai ardhi iliyotwaliwa na walowezi. Mwaka 1928 akaanza kuhariri gazeti la chama, Muigwithania, lililoandikwa kwa Kigikuyu. Hilo gazeti likumbuke, tutalirudia.

Chama kilimtuma London mara ya kwanza mwaka 1929, akarudi mwaka uliofuata. Mwaka 1931 akatumwa tena, safari hii pamoja na Parmenas Mockerie, wakazungumze mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Kufika kule, hawakuitwa kutoa ushahidi. Mockerie alirudi nyumbani. Kenyatta akabaki.

Nyumbani alikuwa amemwacha mkewe, Grace Wahu, na watoto wawili, Peter Muigai na Margaret Wambui. Margaret alikuwa na miaka mitatu hivi. Safari ya kupeleka malalamishi ya ardhi iligeuka kuwa miaka 15.

Sasa fikiria hali yake. Chama kule Kenya kilitegemea michango ya watu wasio na kitu, na pesa zikawa zinafika kwa mwendo wa kobe. Alikaa kwa muda katika chuo cha Woodbrooke cha Waquaker, Birmingham, akinoa Kiingereza chake. Kati ya 1932 na 1933 alikuwa Moscow akisoma. Aliporudi London, kusota kulikuwa palepale. Kodi ya nyumba ikawa inalala, deni linapanda.

Alifanya kibarua chochote kilichopatikana. Filamu ya Sanders of the River ilipohitaji Waafrika wa kujaza picha, alijitokeza, akapewa sehemu ndogo tu. Staa alikuwa Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyekuwa na jina kubwa. Filamu ilitoka mwaka 1935, na kumbe ilikuwa inausifu ukoloni uleule ambao Kenyatta alikwenda kuulalamikia. Unaweza kumlaumu, lakini kwanza jiulize ni mara ngapi mtu mwenye deni hupata nafasi ya kuchagua kazi.

Kilichomwokoa hasa ni kitu alichotoka nacho nyumbani bila kukilipia nauli. Ni lugha.

Chuo cha University College London kilikuwa na idara maarufu ya fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha. Pale alikuwepo Lilias Armstrong, mtaalamu aliyekuwa amekwisha kuandika kuhusu Kisomali na sasa alikitaka Kigikuyu. Kigikuyu si lugha rahisi kwa sikio la mgeni. Kina irabu saba, si tano kama Kiswahili, ndiyo maana maandishi yake yana zile ĩ na ũ zenye kofia. Isitoshe ni lugha ya toni. Sauti ikipanda au kushuka, neno linaweza kubadilika maana. Armstrong hakuweza kuyapata hayo vitabuni. Alihitaji mtu wa kukaa naye, kutamka neno, kulirudia, kisha kulitia ndani ya sentensi ili mwenzake asikie toni inavyohama.

Mtu huyo akawa Kenyatta. Kuanzia 1935 hadi 1937 alilipwa na idara hiyo kwa kazi ya kutamka lugha ya mama yake, na sauti yake ikarekodiwa. Papo hapo alikuwa mwanafunzi katika chuo hichohicho. Alianza na kozi ya Kiingereza Januari 1935, na kuanzia Oktoba akaingia darasa la fonetiki hadi katikati ya 1936. Kwa lugha ya leo, alikuwa chuo na atachi kwa wakati mmoja. Kule aliyemlipa ndiko kulikomfundisha.

Ukitazama juujuu, utasema mambo yalimnyookea. Lakini Armstrong alifariki Desemba 1937 kabla ya kukimaliza kitabu. Wenzake walikikamilisha, kikatoka mwaka 1940 kwa jina The Phonetic and Tonal Structure of Kikuyu. Mwandishi ni mmoja tu, Armstrong. Kenyatta alishikilia kwamba yeye pia alistahili kutajwa kuwa mwandishi, lakini haikuwa hivyo.

Hapo pana mabishano ambayo hayajaisha mpaka leo. Armstrong ndiye aliyekuwa na mbinu. Alijua kuzipanga toni, kuzichora na kuzieleza kwa msomi wa nchi yoyote. Bila yeye kitabu kisingekuwepo. Ila bila mtu wa Kiambu aliyeketi mbele yake, angechora nini? Mmoja alikuwa na kalamu, mwingine alikuwa na lugha yenyewe, na huyu wa pili aliandikiwa malipo ya msaidizi. Wazungumzaji wengi wa lugha za Afrika wamepita njia hiyo, wakilipwa kwa saa huku jina likienda kwa mwingine.

Bahati ni kwamba Kenyatta hakukaa akisubiri jalada la mtu mwingine limtaje. Kwa msaada wa pesa kutoka Taasisi ya Kimataifa ya Afrika, alikuwa ameingia pia London School of Economics kusoma anthropolojia chini ya profesa Bronisław Malinowski. Humo aliandika kuhusu watu wake mwenyewe: ardhi, ndoa, malezi na utawala. Yule mhariri wa Muigwithania alikuwa amerudi kazini, ila sasa alimwandikia msomaji wa Uingereza. Kazi hiyo ikawa kitabu, Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938 kikiwa na dibaji ya Malinowski. Jina la mwandishi halikuwa Johnstone tena. Lilikuwa Jomo Kenyatta.

Kitabu hakikuuza sana wakati huo, kwa hivyo chapaa haikuingia. Vita vilipoanza 1939 alihamia kijiji cha Storrington, Sussex, akawa kibarua wa shamba huku akitoa mihadhara kuhusu Afrika. Mwaka 1942 alimwoa Edna Clarke, Mwingereza, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, Peter Magana. Vita vilipokwisha alishiriki Kongamano la Waafrika mjini Manchester, Oktoba 1945, pamoja na Kwame Nkrumah.

Septemba 1946 alishuka bandarini Mombasa. Margaret aliyeachwa mtoto mdogo alikuwa msichana wa miaka 18. Huko Uingereza, Edna alibaki akimlea mtoto peke yake. Tukisimulia jinsi mtu alivyotoboa ng'ambo, hesabu hii huwa tunairuka. Tusiiruke. Kulikuwa na mke aliyelea peke yake mwanzoni mwa safari, na mwingine aliyelea peke yake mwishoni.

Yaliyofuata unayajua: jela, Waziri Mkuu 1963, Rais 1964, kifo chake Mombasa Agosti 1978. Lakini kuna jambo la 1974 ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka huo Kenyatta aliagiza wabunge wajadiliane kwa Kiswahili, na waliozoea Kiingereza wakajikuta wanatafuta maneno. Mwanafunzi wa zamani wa fonetiki alijua vizuri mtu anavyohisi akilazimishwa kusema ya moyoni kwa lugha ya wengine.

Kwa hivyo ukipata nafasi ya kwenda nje kufundisha Kiswahili, kutafsiri au kurekodi lugha ya kwenu, nenda. Usiidharau lugha hiyo eti kwa sababu uliipata bure. Ila kabla ya kuketi mbele ya kinasa sauti, uliza malipo ni kiasi gani, na uliza jina lako litaandikwa wapi. Na nyumbani, waage kwa tarehe ya kurudi.