Ronald Ngala na Neno la Majimbo

Nalikwenda Nyeri kwa shughuli ya jamaa yangu, tukateremka Skuta asubuhi na mapema, baridi ya mlima ikitung'ata masikio sisi watu wa joto. Katika mkahawa tulioingia kupasha tumbo, mzee mmoja wa pale alipojua kuwa natoka Mombasa aliniuliza habari za mtu mmoja tu: Ngala. Wala hakuuliza kwa mapenzi. Kwa wazee wa nchi ile jina hilo limefungamana na majimbo, na majimbo kwao ni mtu kuambiwa afunge mizigo arudi kwao. Wana jamaa zao Bonde la Ufa, wana jamaa zao Mpeketoni, na mambo ya 1992 na ya Likoni ya Agosti 1997 hayajawatoka nyoyoni. Nikaona si vibaya maisha ya mtu huyu yaelezwe upya, maana hata vijana wetu wengi wanamjua kwa barabara ya Nairobi tu.

Ronald Gideon Ngala alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 upande wa Kaloleni, Mgiriama, akalelewa katika dini ya Kikristo. Alisoma Kaloleni, kisha Shimo la Tewa, kisha Alliance, akamalizia ualimu Makerere. Akawa mwalimu, hata akafikia kuwa mkuu wa shule ya Buxton mjini Mombasa. Jambo ambalo watu wa kalamu hatuna budi kulikumbuka ni kuwa mwaka 1949 kilitoka kitabu chake cha Kiswahili kuhusu nchi na desturi za Wagiriama. Kabla hajadai jimbo, basi, alikuwa amekwisha kuandika jinsi watu wake wanavyoishi. Wanasiasa wachache huanza huko.

Machi 1957 Waafrika walichaguliwa kwa mara ya kwanza kuingia Legiko. Walikuwa wanane, na Ngala akaingia kwa kiti cha Pwani. Kiti cha Mkoa wa Kati, ambao makao yake makuu yalikuwa huko huko Nyeri, kilikwenda kwa Bernard Mate wa Meru, kwani Wakikuyu wengi walizuiliwa kupiga kura kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Ukilisahau hilo hutaelewa kwa nini watu wa mlimani walikuja kuwa wakali juu ya kura yao walipoipata.

Mwaka 1960 vyama vikawa viwili. KANU ilikuwa na makabila makubwa. KADU ikakusanya makabila madogo yaliyohofia kumezwa, Ngala akiwa rais wake, na Moi na Muliro wakiwa naye. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ikakataa kuunda serikali kabla Kenyatta hajafunguliwa. Ngala akakubali kuiunda. Hapo ndipo mlimani walipomtia doa ambalo mzee wangu wa Skuta hajalifuta mpaka leo: kwao alikaa katika kiti cha mtu aliye kifungoni. Nami sitamtetea sana hapo. Alikuwa na hoja zake, lakini nafasi ile aliipokea upesi.

Waama kwetu Mwambao nako hakupendwa na wote. Ukanda wa maili kumi ulikuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar kwa mkataba wa 1895, na wengi katika wazee wetu, akina Sheikh Abdilahi Nassir, walitaka ukanda huo usiunganishwe na Kenya. Ngala alikataa. Alitaka Pwani nzima, Mgiriama na Mswahili, Mtaita na Mpokomo, iwe jimbo moja lenye sauti yake, ndani ya Kenya. Wa mlimani walimwita mgawanyi wa nchi, na wa Mji wa Kale wakamwona ni mtu wa Nairobi. Tarehe 8 Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, wakamaliza shauri la ukanda. Tukaahidiwa mahakama za kadhi na hifadhi ya dini yetu.

Katiba ya majimbo ilipatikana London baada ya mkutano wa 1962: majimbo saba, kila moja na bunge lake, na Baraza la Senati juu yao. KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, Ngala akawa Rais wa Bunge la Jimbo la Pwani na kiongozi wa upinzani. Lakini fedha hazikushushwa, wala watumishi wa serikali hawakutolewa ipasavyo. Oktoba ya mwaka huo, KANU ilipokwenda London kutaka katiba ipunguzwe, KADU ilitishia kuigawa nchi. Ni kitisho ambacho hakikufika popote, na kwa maoni yangu ndicho kilichomharibia zaidi, kwa sababu kiliwapa wapinzani wake ushahidi wa lile walilokuwa wakilisema.

Mzee wa Skuta alisomeshwa Tumutumu, kwa wamisheni wa Kiskoti. Nikamkumbusha kuwa Waskoti, walioungana na Uingereza mwaka 1707, walipata bunge lao 1999, kisha Septemba 2014 wakapiga kura kama wajitenge kabisa, na asilimia 55 wakakataa. Akaniambia kuwa hilo ndilo waliloliogopa wao, mtu apewe chumba kisha adai nyumba. Nikamjibu kuwa Waskoti wamepewa chumba na mpaka sasa nyumba haijavunjika. Akanyamaza, akaagiza chai nyingine, tena akailipia yeye.

Novemba 10, 1964 Ngala aliivunja KADU na kuingia KANU. Majimbo yakawa mikoa, wakuu wake wakiteuliwa na Rais. Mwaka 1966 aliingia baraza la mawaziri. Wako wanaosema alituuza. Mimi naona alikuwa na Wabunge wanaomkimbia mmoja mmoja, na Pwani isiyokuwa na senti. Katiba ya 2010 imeleta kaunti 47, zenye haki ya asilimia 15 au zaidi ya mapato ya nchi, na Nyeri ina gavana wake kama Kilifi.

Hakuyaona hayo. Disemba 12, 1972 gari lake lilipata ajali karibu na Konza, naye akafa siku ya Krismasi. Dereva alieleza kuwa nyuki waliingia garini. Mzee wa Skuta, tulipokuwa tukiagana, aliniuliza kama sisi wa Pwani tuliziamini habari za nyuki. Nikamwambia kwamba hilo hata nyumbani tungali tunaulizana.