Tippu Tip alijua wakati wa kuinuka mezani

Jioni pale Buyenzi, wanaume wakicheza karata, anayerudi nyumbani na pesa mara nyingi si yule mwenye kelele. Ndivyo alivyocheza Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja miaka ya 1830.

Alianza na sandarusi akiwa na miaka 12. Baadaye alichukua bidhaa kwa mkopo wa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, akazigeuza pembe za ndovu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Aliteka na kuuza watu pia, na mizigo yake ilibebwa na watumwa. Faida yake haihesabiki bila wao.

Utetera alicheza bila karata yoyote mkononi. Alikuwa amesikia kwamba zamani mabinti wa ukoo wa kitemi walitekwa vitani na watu wa Urua. Akamwambia mzee Kasongo Rushie kwamba mmoja wao ni bibi yake. Mzee akaamini, akamwachia utemi na pembe zake. Kwa mtu mwenye hadhari, huo ulikuwa uongo mkubwa, lakini alikuwa ameuchunguza kwanza.

Mwaka 1876 Stanley alimwahidi dola 5,000 amsindikize vituo 60 kufuata mto Lualaba. Msitu ulikuwa mnene, ndui ikaua watu. Tippu Tip akageuka kabla ya kumaliza, akakubali malipo pungufu.

Mwaka 1887, akiwa ameshapima bunduki za Wazungu, alikubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold wa Pili kule Stanley Falls kwa pauni 30 kwa mwezi. Kwa tajiri kama yeye zilikuwa pesa za tumbaku! Mwaka 1890 akashika njia ya pwani.

Mshirika wake Rumaliza wa Ujiji alibaki. Huyu alishatamba hadi Uzige, ilipo Bujumbura leo, lakini milima ya Mwami Mwezi Gisabo ilimshinda. Vita na Wabelgiji vilipolipuka mwaka 1892, wenzao walipoteza kila kitu. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka 1893. Rumaliza alikimbilia pwani, kisha akamshtaki mshirika wake akidai mali ya ushirika.

Tippu Tip alikuwa na mashamba na nyumba Unguja. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, akafa Juni 1905 nyumbani kwake, Mji Mkongwe.